Sauti za Wazee na Diski Zinazozeeka

Mwaka 1945, kisiwani Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza kuandika riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe. Mchapishaji wa kitabu kinene cha Kikerewe hakupatikana. Mswada ukakaa ndani, miaka ikapita, mwandishi akazeeka na kuugua viungo, na mwisho akaamua kuitafsiri kazi yake mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House waliitoa mwaka 1980, vitabu vikachapwa China, na mwaka 1981 Kitereza akafariki kabla hajaishika nakala mkononi. Kwa muda wa miaka 35 riwaya ile iliishi kwenye karatasi za kuhesabika. Mchwa wangeipata mara moja tu, leo tusingekuwa na la kuzungumza.

Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Bugwema, Musoma Vijijini, ng'ambo ya maji kutoka huko Ukerewe, na nyumbani kwangu ninatunza mashine yenye diski nne. Ndani yake mna masimulizi ya wazee kwa Kijita na Kikwaya, nyimbo za kwaya za tangu enzi za kaseti, picha za harusi na za misiba, mihutasari ya vikao vya koo, hati za mashamba zilizopigwa picha. Diski hizo zinazeeka, kila moja kwa wakati wake, nami huitoa iliyochoka na kuweka nyingine bila kupotea hata neno moja. Uwezo huo una historia, nayo yafaa isimuliwe kwetu kama tunavyosimulia ya pamba na ya uvuvi wa sangara.

Kabla ya mashine yoyote, kumbukumbu za Mara zilikaa vichwani mwa watu, na hazikukaa kichwani mwa mtu mmoja. Nilipokuwa mtoto sikumwona mzee akisimulia safari za ukoo peke yake. Walikaa wawili, watatu, mmoja akitaja mto waliouvuka, mwenzake akimkatiza: hapana, kwanza walipanda mlima ule. Tuliosikiliza tulidhani wanabishana. Kumbe walikuwa wanahakikiana. Mmoja akifa, simulizi ilibaki kwa waliosalia, na kijana aliyeanza kualikwa kwenye kikao alijazwa yale yale taratibu, mbele ya mashahidi.

Jirani zetu Wakuria, kaskazini kule Tarime, wana utaratibu ulio wazi zaidi. Kila mtu huzaliwa ndani ya kizazi chenye jina, na majina ni manane katika mikondo miwili: Abasai, Abanyamburiti, Abagamunyeri na Abamaina upande mmoja, Abamairabe, Abagini, Abanyangi na Abachuma upande wa pili. Majina huzunguka na kurudi. Watu wa kizazi huondoka wote duniani, jina likapokewa na wajukuu wa wajukuu, na mpangilio mzima ukaendelea bila siku ya kusimama. Sijui kama kuna njia bora zaidi iliyowahi kubuniwa ya kubadilisha kila kiungo cha kitu na kitu chenyewe kikabaki kile kile.

Kisha yakaja madaftari. Wazee waliosoma shule za misheni na za serikali ya kikoloni walianza kuandika historia za makabila yao kwa Kiswahili, kwa kalamu ya wino, katika daftari za shule. Kazi nyingi za namna hiyo zilibaki masandukuni. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyeishi na kufanya utafiti katika eneo letu, alikusanya baadhi ya historia hizo za Mara ya kusini na kuzitoa kitabuni mwaka 2003, akiwaachia wazee wenyewe sauti. Hapo ndipo daftari lililokuwa moja likawa mamia ya nakala, katika maktaba ambazo mchwa wa Mara hawafiki.

Kaseti ilibadilisha mambo kwa namna nyingine. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na maelfu ya kanda kubwa za muziki, hotuba na michezo ya redio, na sauti ya marehemu Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, imetufikia kwa sababu kanda zilitunzwa. Huku vijijini tulikuwa na redio kaseti. Kwaya ikija kuimba, mtu aliiweka mbele ya waimbaji, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, watu wakaambiwa wanyamaze. Kanda ile iliazimwa na kurekodiwa upya kwenye nyingine, na ile nyingine ikazaa nyingine. Kila uzazi ulipunguza kitu. Mvumo uliongezeka, sauti za juu zilififia, na nakala ya nne au ya tano ilikuwa kama watu wanaimba nyuma ya ukuta. Kunakili kulikuwa kuokoa na kupoteza kwa wakati mmoja, na hakuna fundi aliyeweza kufanya vinginevyo, kwa maana udhaifu ulikuwa katika utepe wenyewe.

Wakati huohuo, kwingineko, diski ilikuwa imeshazaliwa. IBM waliitoa ya kwanza mwaka 1956: sahani 50 zenye upana wa inchi 24 kila moja, kabati zima la chuma, na ndani yake zilienea herufi milioni 5. Leo wimbo mmoja wa kwaya katika simu ya mkononi unaweza kushinda nafasi hiyo. Tanzania ilifunga kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, Wizara ya Fedha, lakini mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hiyo ikachelewesha kizazi kizima. Sisi wa Mara tulipokutana na diski kwa mara ya kwanza ilikuwa tayari ndogo ya kuingia mkononi, na bei yake ilikuwa mshahara wa miezi.

Diski ya aina hiyo ni sahani inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na juu yake kichwa kidogo cha kusomea kinaelea bila kugusa, kwa umbali ambao hata chembe ya moshi haipiti. Ikiguswa imekwisha. Tofauti yake na kaseti ni hii: diski hainakili kwa kupunguza. Nakala ya mia ni sawasawa na ya kwanza, namba kwa namba. Lakini kaseti ilikufa polepole na mtu aliisikia ikifa, ilhali diski yaweza kufanya kazi vizuri jioni na asubuhi isiamke.

Mwaka 2007 watafiti wa Google walitangaza matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya 100,000 walizokuwa nazo, na sehemu kubwa ya zilizokufa zilikuwa hazijatoa onyo katika vile vipimo vikuu vinavyotegemewa. Ndiyo maana swali la busara kwa mwenye diski ni moja tu: itakapokufa, nini kitakuwa kimeshaandaliwa?

Jibu la kwanza lilikuwa kuandika kila kitu mara mbili, kwenye diski mbili. Benki na mashirika ya ndege yalifanya hivyo tangu miaka ya 1970. Ni njia nzuri, na wenye fedha wanaitumia hadi leo, lakini nusu ya nafasi uliyonunua inakwenda kwenye nakala. Mwaka 1978 Norman Ouchi wa IBM alipata hataza ya wazo la kuokoa yaliyokuwa katika kifaa kilichokufa kwa kutumia hesabu iliyotunzwa mahali pengine. Miaka 10 baadaye, mwaka 1988, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliandika makala iliyobadilisha kazi hii yote.

Makala yao nimewahi kuwaeleza vijana wangu darasani kwa sababu inaanza na hesabu ambayo kila mtoto anaiweza. Walitaka kuiacha diski moja kubwa ya bei kali, ya IBM, na badala yake wapange pamoja diski nyingi ndogo za kompyuta za mezani, za megabaiti 100 kila moja. Wakauliza: diski moja ndogo ikikadiriwa kufanya kazi wastani wa saa 30,000 kabla ya kufa, zikiwa 100 itachukua muda gani mpaka ya kwanza ife? Gawanya. Saa 300. Hazifiki wiki mbili. Yaani ukikusanya vitu dhaifu bila maarifa, umekusanya misiba. Na hapo ndipo walipoonyesha maarifa yenyewe, kwamba kwa kutenga sehemu ndogo tu ya nafasi kwa ajili ya hesabu ya akiba, kundi la diski dhaifu huwa imara kuliko ile diski moja ya gharama.

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua diski tatu, ya kwanza ina 7, ya pili 4, ya tatu 9. Kwenye ya nne usiandike kitu kipya, andika jumla: 20. Sasa diski ya pili ife. Mwenye 20 akitoa 7 na 9 anapata 4, na kilichopotea kimerudi. Mashine hazijumlishi hivi hasa, zinalinganisha sifuri na moja, lakini mantiki ni hiyo hiyo.

Mzee mmoja jirani yangu, ambaye sauti ya mama yake tuliitoa kwenye kaseti, alikuja siku moja akaniona nimezipanga diski mezani.

"Mwalimu, sasa mama yuko kwenye ipi?"

"Hayuko kwenye moja, babu. Yuko kwenye zote."

"Na hiyo unayoitoa?"

"Sehemu iliyokuwa humo, zilizobaki zinaijua."

Akakaa akafikiri, kisha akasema kumbe ni kama kikao. Sikuwa na cha kuongeza.

Lakini jumla moja ina tatizo, na tatizo hilo lilikua kadiri diski zilivyokua. Diski ikifa, mpya inapowekwa, mashine lazima izisome zote zilizobaki ili kuijaza. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, pengine zaidi ya siku, na diski zilizobaki zilinunuliwa siku moja na ile iliyokufa, zimefanya kazi ile ile, zimepigwa na joto lile lile. Saa za kuijaza mpya ndizo saa ambazo nyingine iliyochoka itaamua kukata roho. Tena watengenezaji wenyewe, kwa diski nyingi za kawaida, hutaja uwezekano wa kosa moja la kusoma katika kila biti kadiri ya 1 yenye sifuri 14 nyuma yake. Ukigeuza hiyo ni kama terabaiti 12 na nusu. Zamani hakuna aliyesoma kiasi hicho. Siku hizi diski nne za nyumbani zinakifikia kwa kuijaza moja tu.

Dawa ni kuwa na hesabu mbili za akiba zisizofanana. Tuseme diski mbili zina 7 na 4. Kwenye ya tatu weka jumla ya kawaida, 11. Kwenye ya nne weka ya kwanza pamoja na ya pili mara mbili, 15. Sasa zife zote mbili za mwanzo. Unabaki na milinganyo miwili yenye herufi mbili zisizojulikana, na mwanafunzi wa kidato cha pili anakutolea jibu: 15 toa 11 ni 4, na 11 toa 4 ni 7. Hisabati ya aina hiyo, katika umbo lake kamili, iliandikwa na Irving Reed na Gustave Solomon mwaka 1960. Ndiyo iliyotumika kuokoa picha zilizotumwa na vyombo vya Voyager kutoka sayari za mbali, na ndiyo inayofanya CD ya harusi yenye mikwaruzo ichezwe bado. Kundi langu la diski nne linatumia njia hii. Nusu ya nafasi nimeitoa sadaka, na zozote mbili zikifa kwa pamoja, hakuna kilichopotea.

Kulibaki adui mmoja ambaye Berkeley hawakumshughulikia vya kutosha: diski isiyokufa ila inasema uongo. Biti moja inageuka, picha inapata mstari wa kijani, na mashine inaamini kuwa ndivyo ilivyoandikwa. Mwaka 2001 Jeff Bonwick na Matthew Ahrens wa Sun Microsystems walianza kuunda mfumo uitwao ZFS, uliotolewa wazi kwa umma mwaka 2005. Kila kipande cha data kinapoandikwa, mfumo hukokotoa namba ya kukithibitisha na kuitunza mahali pengine, mbali na kipande chenyewe. Kikisomwa, namba hukokotolewa tena. Zisipolingana, mfumo unajua kwamba shahidi huyu anadanganya, unakwenda kwa mashahidi wengine, unapata ukweli, na kumsahihisha. Tena hauandiki juu ya kilichopo. Huandika kipya pembeni kwanza, na kikiwa kamili ndipo unahamisha anwani. Kwa sisi ambao umeme hukatika katikati ya sentensi, jambo hilo peke yake ni ukombozi.

Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010 mfumo ule ulifungwa, lakini msimbo uliokwisha tolewa haukuweza kurudishwa, na mwaka 2013 wahandisi waliokuwa wakiuendeleza wakaungana chini ya jina OpenZFS. Wapo watu ninaowaheshimu bila kuwafahamu sura, na hao ni miongoni mwao. Kazi yao inafika Bugwema bure, na mashine yangu, kompyuta ya mezani ya mtumba iliyotoka ofisini kwa watu, inaendesha kitu kile kile kinachoendeshwa katika vyuo vikuu.

Basi hivi ndivyo diski inavyobadilishwa nyumbani kwangu. Kila mwezi mashine hukagua kundi zima, kipande kwa kipande, na kuniandikia ilichokuta. Nikiona makosa ya diski moja yanaongezeka, siisubiri ife. Kila diski ina karatasi iliyobandikwa mbele, nimeandika namba yake ya kiwandani kwa kalamu ya wino mzito, maana msiba mkubwa wa kazi hii ni kuchomoa nzima ukaiacha mbovu. Diski mpya naiagiza Mwanza, na sinunui mbili kwa pamoja dukani hata bei ikishuka, kwa sababu zilizotoka kiwandani siku moja hupenda kufa karibu karibu. Ikifika naijaribu kwanza peke yake, naijaza yote na kuisoma yote, kabla ya kuiruhusu iguse kundi.

Kisha mpya inaingia, ile ya zamani ikiwa bado mahali pake. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila kijana wa kazi hii alijue. Ubao wa mashine una nafasi sita za kuchomeka, diski ni nne, na nafasi zilizo wazi niliziacha makusudi. Nikitoa amri ya kubadili, mfumo unaijaza mpya kwa kuisoma ya zamani pamoja na wenzake, na ya zamani haiachiliwi mpaka mpya imejaa na kuthibitishwa. Diski mbovu kiasi bado ni shahidi. Ukiichomoa kwa haraka unaupunguza ushahidi saa ile unapouhitaji zaidi. Mfumo huu hujaza tu sehemu zilizoandikwa, hauhangaiki na nafasi tupu, kwa hiyo kundi lililojaa nusu humaliza kazi mapema zaidi. Usiku ule siruhusu mtu kunakili sinema.

Kabla nguzo za umeme wa vijijini za REA hazijafika tulifanya haya kwa sola, na betri ndiyo iliyoamua saa ya kuanza. Sasa kuna umeme wa gridi, lakini radi za ziwani ni kali na hazina ratiba, kwa hiyo mashine imekaa nyuma ya betri ya dharura, na wingu likikusanyika upande wa ziwa hakuna diski inayobadilishwa.

Kuna mtego mmoja wa dukani nitautaja kwa sababu unawaumiza watu. Ili kubana nafasi, baadhi ya diski huandika mistari yake ikipandana kama mabati ya paa, na kurekebisha mstari mmoja kunailazimu diski kuandika upya mingi iliyo jirani. Kwa kuhifadhi sinema zinafaa. Kwa kujazwa upya ndani ya kundi hulemewa, kazi ya saa ikawa ya siku, na mara nyingine mfumo huihesabu kuwa imekufa na kuitupa nje. Mwaka 2020 ilijulikana duniani kwamba watengenezaji wakubwa walikuwa wameziuza kadhaa za aina hiyo bila kuandika wazi. Soma namba ya modeli, usisome rangi ya karatasi.

Wapo wanaoniuliza kwa nini nisiweke kila kitu mtandaoni nikapumzika. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, EASSy ukafuata mwaka 2010, na bei za intaneti zimeshuka kweli. Lakini bando la simu la kupandisha terabaiti kutoka vijijini kwetu, Masinono au Kinyang'erere, mkulima wa Bonde la Bugwema hawezi kulilipia. Zaidi ya hapo, masimulizi yale ni mali ya koo zilizoyatoa, nazo zinataka kujua yamelala nyumba gani.

Hata hivyo kundi la diski si kinga ya kila kitu. Mwizi hubeba mashine nzima pamoja na hesabu zake zote za akiba. Mtu akifuta faili kwa bahati mbaya, diski zote nne zinafuta kwa utiifu. Kwa hiyo ipo nakala nyingine kamili, kwenye diski ya nje, inayokaa Musoma mjini kwa dada yangu, ndani ya kabati la nguo. Kila baada ya mavuno tunabadilishana: inayotoka huku inapanda daladala ikiwa imefungwa kitenge, na ya kule inarudi kujazwa yaliyoongezeka. Dada haifungui. Ila anajua ndani yake kuna nyimbo alizoimba akiwa msichana.

Mwezi Januari 2025 OpenZFS walitoa toleo linaloruhusu kuongeza diski moja kwenye kundi la aina ya langu lililokwisha kujengwa, bila kulibomoa, jambo ambalo watumiaji wa nyumbani waliliomba kwa miaka mingi. Masanduku mawili ya kaseti za kwaya ya Muhoji bado hayajahamishwa, na nafasi iliyobaki haitoshi. Mpunga ukiuzwa nitaagiza ya tano.